LIKIZO SI MAPUMZIKO YA KALAMU

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nimekuja na ugomvi, na naomba mnisikilize hadi mwisho ndipo mnizomee.

Katika vikao vyetu vya kusomeana miswada kuna sentensi moja ambayo siku hizi imekuwa kama salamu. Ikifika Juni au Desemba, mtu anafunga daftari lake na kusema: "Jamani, mimi naenda kijijini na familia. Riwaya nitaendelea nayo nikirudi." Wenzake wanamtakia safari njema, basi. Hakuna anayeshtuka.

Mimi nashtuka. Maana ya sentensi hiyo ni kwamba riwaya inakaa Dar es Salaam, imepanga chumba Sinza au Tandika, na nyumbani kwa wazee ni mahali pa kulala, kula ming'oko na kupiga picha za kuwaonyesha washikaji. Nimemsikia hata mmoja wetu, mwenye kipaji kuliko mimi, akiniuliza: "Kwani huko kwenu Newala kuna nini cha kuandika?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza kama kuna umeme.

Naomba nieleweke. Mimi nimeishia kidato cha nne. Sina shahada ya fasihi, na riwaya yangu, kurasa mia na ushee ndani ya kaunta buku mbili, bado haijapata mchapaji. Siongei kama profesa, naongea kama fundi mwenzenu. Baba yangu ni Mmakonde wa Newala, mama ni Mmakua wa Masasi, mimi ni mtoto wa Mbagala. Njia hiyo nimeisafiri tangu nikiwa mgongoni. Nasema kwa kinywa kipana kwamba anayekwenda likizo bila kalamu anaacha mavuno shambani.

Tulifundishwa wapi upofu huu?

Tulifundishwa shuleni, kwenye insha ya "Likizo Yangu". Kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii anaijua. Muhula unafunguliwa, mwalimu anaandika kichwa ubaoni, na majibu yanajulikana kabla wino haujakauka: tulipanda basi, tulifika salama, bibi alifurahi, alituchinjia kuku, tuliogelea mtoni, tulirudi salama.

Mtoni! Mtu wa Newala anaogelea mto gani? Juu kule kwenye uwanda wa Makonde mvua ikinyesha maji yanazama mchangani na kutokea chini kabisa, mabondeni. Mama zetu wa zamani waliteremka ukingo wa uwanda alfajiri na kupanda na mtungi kichwani jua likiwa limeshachomoza. Mradi wa kusukuma maji kwa pampu ulianza tangu miaka ya 1950, enzi za Mwingereza, lakini neno "maji" kwetu bado halitamkwi ovyo.

Nikiwa darasa la sita niliandika ukweli. Niliandika kwamba bibi alituogesha watoto wanne kwa ndoo moja, kisha maji yale yale akamwagia mpapai, na wakati anamwaga alikuwa anaomba radhi kwa mpapai kwa kuuchelewesha. Mwalimu akanirudishia kwa wino mwekundu: "Andika mambo mazuri." Aliyepata alama za juu ni yule aliyeogelea.

Ndugu zangu, maneno hayo matatu tunayo hadi leo. Mambo mazuri yako kwingine. Ya kwetu si mambo.

Mgeni wa mwaka 1906

Sasa sikilizeni kisa cha mtu ambaye hakuambiwa aandike mambo mazuri.

Mwaka 1906 Vita vya Maji Maji vilikuwa havijapoa, na misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa moto mwaka mmoja kabla. Hapo ndipo alipofika Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Alikaa miezi michache tu: Masasi, Chingulungulu, Newala, Mahuta. Alibeba kamera, mashine ya kunasa sauti, hata mashine ya picha za sinema. Aliuliza kila kitu: chungu kinafinyangwaje, moto unapekechwaje, wasichana wanachezwaje, ndonya inaingizwaje kwenye mdomo wa juu. Mwaka 1908 akatoa kitabu Ujerumani, na mwaka 1909 kikatoka kwa Kiingereza.

Simsifu. Alikuja chini ya bendera ya mkoloni, akiongozana na askari wenye bunduki, na mara nyingi aliwatazama babu zetu kama mtu anayekagua bidhaa. Mzigo wake wa vinyago na vyombo ulikwenda Leipzig. Lakini hesabu ni hesabu. Yeye kakaa msimu mmoja, katoa kitabu. Sisi kila Juni, kila Desemba, miaka nenda rudi, tumetoa nini?

Hata hadithi ya asili yetu Wamakonde mimi niliisoma kwanza kwenye karatasi iliyopitia kwa Wajerumani. Mnaijua? Alikuwapo mtu peke yake porini, haogi, hanyoi. Akachonga sanamu ya mtu kwenye mti, akaisimamisha. Usiku ikawa mwanamke. Wakaenda mtoni kuoga, wakazaa mtoto, akafa. Wakapanda juu kidogo, wakazaa wa pili, naye akafa. Wakapanda hadi uwandani kwenye kichaka kikavu, wa tatu akaishi. Ndiyo maana wazee walisema tusijenge mabondeni, karibu na maji makubwa, kuna maradhi.

Angalieni hadithi hiyo ilivyo kali. Mtu wa kwanza si mfalme wala shujaa wa vita, ni mchongaji. Na ndani yake mna jibu la swali ambalo mgeni yeyote wa Newala anauliza: kwa nini watu hawa walikwenda kuishi mbali na maji? Niliposoma nikamuuliza bibi. Akasema, "Kumbe na nyie mnasoma hiyo?" Halafu akanisimulia kwa namna nyingine, mtoto wa pili hakufa kwa maradhi bali kwa ugomvi wa wazazi. Hiyo ya bibi Weule hakuipata. Na bibi akifumba macho kabla sijaiandika, hakuna tena atakayeipata.

Yaliyoko nyumbani

"Ubunifu" ni neno ambalo tumelivisha suti. Tukilisikia tunawaza warsha, vyeti na chai ya saa nne. Hebu niwapeleke nyumbani muone kazi inayofanyika bila cheti.

Tuanze na safari yenyewe. Basi la Kusini linaondoka usiku wa manane. Wadogo zangu wanajua lami na Daraja la Mkapa pale Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003. Mama yeye anasimulia kivuko cha Ndundu, magari yamepanga foleni, watu wanalala chini ya lori, mtoto anazaliwa foleni na kupewa jina la mahali. Wiki nzima kabla ya safari mama anatunga. Ndiyo, anatunga! Anayo orodha kichwani: kanga hii ya fulani, lakini maneno yake yasije yakaonekana ni kijembe; sukari kilo mbili huku, kule kilo moja, ila kule kuna mgonjwa, basi ongeza sabuni. Akikosea mmoja, ugomvi wa miaka mitatu. Mwandishi gani kati yetu anawajua wahusika wake kiasi hicho?

Ukipita Mingoyo na Ndanda unaiona Masasi kwa milima yake ya mawe, imesimama kama watu wazima wanaosubiri kikao. Hapo tunashukia kwa mjomba. Nanyi mnajua kwetu mjomba ni nani: Wamakua, Wamakonde, Wayao na Wamwera ukoo unahesabika kwa mama, kwa hiyo baba anaweza kukupenda, lakini mjomba ndiye mwenye kauli. Mjomba ni fundi cherehani barazani. Siku nzima watu wanamletea vitambaa na habari. Mwanamke anataka gauni lipanuliwe kiuno, mjomba hasemi kitu, anaongeza kitambaa, na wiki mbili baadaye mtaa unapopata habari za ujauzito yeye anajifanya ameshangaa. Nimekaa chini ya meza yake tangu utotoni. Usiniambie kuna chuo cha uandishi kinachonizidi hapo.

Kisha tunapanda Newala. Juni na Julai ni kipupwe, kule juu ni baridi hadi vijana wa Mbagala wanaazima makoti ya babu. Watu wakisikia Mmakonde wanadhani kila mmoja ana patasi na gogo la mpingo. Kwetu hakuna anayechonga. Kwetu ni mikorosho. Juni ndiyo wakati wa maua, na ndiyo wakati wa kupuliza salfa kuzuia ubwiriunga. Unaamka gizani kabla upepo haujaamka, mashine ya kupulizia inanguruma mgongoni, unga unatanda kama ukungu, macho yanawaka, na mtu wa mbele yako humwoni, unamsikia anaimba tu. Anaimba ili msigongane. Wimbo ule unatungwa papo hapo, na kila asubuhi una maneno mapya ya kumsema aliyechelewa kuamka.

Jioni ni zamu ya bibi. Kama bibi wote anazo hadithi za sungura, lakini zake hazina mwisho mmoja. Kama mchana kuna aliyedokoa nyama jikoni, usiku sungura naye atadokoa, na atakamatwa kwa namna ambayo mdokozi peke yake ataielewa. Watoto wengine wanacheka, mmoja ananyamaza. Sisi tunalipana soda ili tujifunze "kuhariri". Bibi anahariri kila siku, bure, huku anabangua korosho.

Daftari la baba mkubwa

Niwaambie sasa kitabu bora kuliko vyote nilivyosoma katika ukoo wetu. Ni kaunta buku ya baba mkubwa, imevalishwa gamba la gazeti. Ameianzisha kwa ajili ya korosho: tarehe, kilo, daraja la kwanza au la pili, malipo ya kwanza. Msimu wa 2007/08 ndipo mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwetu, mkulima anapeleka mzigo ghalani, anapewa karatasi, anasubiri mnada. Baba mkubwa akaona karatasi zinapotea, akanunua daftari.

Lakini nafasi pembeni ya tarakimu ilimshawishi. Akaanza kuandika: "Mvua ya kwanza." "Leo tumemzika fulani." "Bati nne." "Mtoto amefaulu." "Ng'o, simpi tena mbegu." Ukisoma tarakimu peke yake huelewi kitu, na maneno peke yake hayakutoshi. Ukisoma vyote pamoja unaona maisha ya mtu.

Novemba 2018 ndiyo ile ambayo wakulima waligomea bei ya wanunuzi, Rais Magufuli akaagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi libebe korosho. Nchi nzima ilikuwa inazungumza habari zetu: magari ya jeshi, uhakiki wa mashamba, na lile neno kangomba, biashara ya kumnunulia mkulima korosho nje ya mfumo, mara nyingi kabla hajavuna, kwa sababu ana shida leo. Daftari la baba mkubwa msimu huo lina mistari minne. Wa mwisho unasema: "Nasubiri." Halafu ukurasa mtupu.

Ukurasa ule ni riwaya nzima, jamani! Ndani yake kuna mwanajeshi kijana kutoka bara asiyejua harufu ya korosho mbichi, analinda ghala. Kuna mke wa mtu aliyeuza kwa kangomba kwa siri ili mtoto aende sekondari, na mume anayehakikiwa shamba hajui. Kuna mnunuzi wa kangomba ambaye kumbe ni shemeji. Wapi tena mnatafuta hadithi? Na bado katika miswada yote niliyosikia vikaoni mwetu, miswada ya bastola na magari meusi, sijasikia hata mmoja wenye mkorosho.

Wanaoandika wachawi tu

Wapo watakaosema: "Mbona sisi vijiji tunaviandika?" Ndiyo, mnaviandika. Kijiji chenu kina mganga, tunguri, fisi usiku na kijana msomi anayekuja kuwaokoa watu. Mmakonde wenu ana chale usoni, ni mlinzi wa usiku, anakula panya, anasema neno moja la kuchekesha kisha anatoka jukwaani.

Basi nawakumbusha mlinzi mmoja. George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi. Akaja Dar es Salaam, akapata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa. Mlinzi huyo ndiye aliyechora na kuchonga mashetani yenye masikio makubwa na miguu ya ajabu, wanaonyolewa, wanaopika, wanaokwenda hospitali, kazi zikaonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Alifariki mwaka 2005. Mashetani yake yalifanya nini? Yaliishi maisha ya kila siku. Lilanga hakusubiri mada kubwa.

Na ninyi wa hadithi za upelelezi, mnaomwiga Willy Gamba wa Elvis Musiba kana kwamba tangu *Kufa na Kupona* ya mwaka 1974 hakuna kilichotokea, nawapa kisa bure. Mwaka 1984 vitu viliibwa katika Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, kikiwamo kinyago cha Kimakonde. Mwaka 1985 kinyago hicho kikanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Ikagundulika ni cha wizi, mazungumzo yakaenda na kurudi, kikarejeshwa Tanzania mwaka 2010. Nani alikipokea usiku ule? Kilitokaje nchini? Hapo hamhitaji kwenda London kwenye sinema.

Na yale ya siri?

Hapa najua nitakanyaga watu. Kwetu likizo ni msimu wa jando na unyago, maana watoto hawako shule. Mtu ataniuliza: "Unataka tuanike siri za wazee?"

Hapana. Yapo yanayosemwa mle ndani ambayo si ya karatasi, na mimi mwanaume ya unyagoni siyajui na sina haki ya kuyabuni. Midimu ikicheza, watoto wanaona mzuka. Wakubwa wanajua miguu ya nani iko chini ya zile nguo, na wananyamaza kwa sababu kunyamaza nako ni sehemu ya mchezo. Huo ni ufundi wa hadithi, tuuheshimu.

Lakini siri isiwe kisingizio cha uvivu. Mengi yako nje, mchana kweupe. Yupo baba anayekopa ili sherehe ya mwanawe isizidiwe na ya jirani. Yupo shangazi anayegombea nafasi ya kubeba mwali. Yupo binti wa miaka tisa aliyechezwa Juni, Julai anarudi darasani na kila mtu, hadi wavulana wa nyuma, anamtazama kwa jicho jingine. Nilimwona binti wa namna hiyo katika ukoo wetu akiwa ameshika daftari kifuani kama ngao. Kuhusu umri wao serikali, wazazi na makungwi wanavutana, na kila upande una hotuba. Hotuba zipo tele. Hadithi ya binti yule haipo, na akitokea mtu wa kuiandika, ningetaka awe mmoja wa dada zetu walioketi pale, si ofisa wa mradi mwenye siku tatu.

Tena jambo hili si geni. Askofu Vincent Lucas, wa Dayosisi ya Masasi iliyoanzishwa 1926, alijaribu kuiweka jando ndani ya Ukristo, kwa sababu aliona huwezi kuipita kando. Mgeni aliona. Sisi wenyewe tunapita kando.

Eti hakuna soko

Neno la mwisho la wavivu ni soko. "Wasomaji wanataka Dar." Nani kawaambia? Euphrase Kezilahabi alitoka Ukerewe, kisiwa ziwani, akakiandika katika *Rosa Mistika* mwaka 1971, na hadi leo watu wanagombana juu ya Rosa. Adam Shafi aliandika makuli wa bandari ya Unguja. Abdulrazak Gurnah alipata tuzo ya Nobel mwaka 2021 akiwa bado anaandika pwani aliyoiacha kijana. Ben Mtobwa aliandika *Dar es Salaam Usiku*, sawa, kwa sababu usiku ule aliujua. Hawa wote waliandika walipokanyaga. Sisi tunaandika tunapotamani kukanyaga.

Na tusijidanganye kwamba kimya chetu hakina gharama. Jina Wamachinga ni la watu, kabila la Lindi, jirani zetu. Leo ukilitamka mjini watu wanaona mchuuzi anayekimbizwa na mgambo. Jina la watu limegeuka jina la kazi, na hapakuwapo vitabu vya kutosha vya kulizuia. Ukinyamaza, wengine watakusimulia, na watakusimulia kwa kifupi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili, na nitalileta kikaoni lipigiwe kura. Kila anayesafiri na familia Desemba hii arudi na kurasa kumi. Zisiwe za mandhari, maana jua la machweo tumelichoka. Zisiwe za mganga. Ziwe za mtu mmoja anayefanya kazi yake: anayepima korosho, anayeshona, anayegawa maji, anayepanga nani apewe kanga ipi. Bibi asemeshwe kama anavyosema, Kimakonde chake kikiingia kiingie, asivalishwe Kiswahili cha taarifa ya habari. Na kabla ya kuzileta kwetu, kurasa hizo asomewe kwanza mwenyewe aliyeandikwa. Akisema "sivyo", zirekebishwe.

Midomo tunachonga sana sisi vijana. Kwetu kuchonga ni kazi ya mikono.

Mwenye kubisha, ukurasa anao katika toleo lijalo. Ila simtaki na hoja tupu. Alete kurasa zake kumi kwanza, tuzisome, ndipo tubishane.